Dakika Thelathini na Tano hadi Bethel

Shemeji yangu ana simu inayojua kila kitu. Ukiiuliza kutoka kiwanja chetu cha ndege hapa Kuigayak hadi kiwanja cha Bethel, mjini kwenye hospitali na maduka, ni umbali gani, inakujibu kabla hujafumba mdomo: maili sabini na nne, muda wa kuruka dakika thelathini na tano. Anapenda kuwaonyesha wageni. Mimi humwambia aiweke mfukoni, maana simu hiyo haijawahi kukaa wiki nzima kwenye kibanda cha uwanja na begi miguuni, ikingoja ukungu uondoke. Hata hivyo sina haki ya kuicheka sana. Sisi wenyewe tumezoea kusema hivyohivyo. Mtu akiumwa jino, akitaka kununua pampasi, akigombana na mkewe, husema Bethel ni dakika thelathini na tano, kama vile anavyosema jirani yuko nyuma ya nyumba. Aliyetufundisha kusema hivyo, kama kuna wa kulaumiwa, ni Makrina.

Makrina ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani. Tangu utotoni namwita mke wangu, mbele ya mumewe Evon, na Evon hucheka akaniambia nimchukue basi, atapumzika. Yeye Makrina hanibakishii. Ndiye wakala wa ndege kijijini, kazi anayoifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Ndege ikija, yeye huenda kiwanjani na pikipiki yake ya magurudumu manne, akiwafukuza mbwa na kunguru waliolala kwenye njia ya kutulia ndege, na kigari cha mizigo kinaruka nyuma yake. Ndege zetu ni ndogo, kila kitu lazima kipimwe, mtu na begi lake na ndoo yake ya samaki. Uzito wa wengine aliuandika kimyakimya. Wangu aliusoma kwa sauti ili kina mama wasikie, kisha akamgeukia rubani akasema, "Huyu akipanda, barua za kijiji zibaki."

Lakini kazi yake kubwa haikuwa mizigo. Ilikuwa macho. Kati yetu na Bethel kuna mlima mmoja tunaouita Goti, si mrefu, ila umekaa palepale ndege inapotakiwa kupita. Serikali ilituletea mashine ya kupima hali ya hewa, ikafungwa kando ya kiwanja. Mashine hiyo hutazama juu tu. Inaweza kukuambia juu ya kichwa chako mawingu yako mbali, kumbe huko Goti wingu limelala hadi kwenye nyasi. Kwa hiyo marubani, kabla ya kuwasha injini, humpigia Makrina. Humuuliza jambo moja: Goti unaliona? Akisema naliona, wanakuja. Akisema silioni, wanavua koti wanakunywa kahawa.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mjomba wake. Siku moja timu ya mpira wa kikapu ilikuwa inasubiriwa, kijiji kizima kimejipanga, watoto wamepaka rangi mashuka. Mjomba akaulizwa, akatazama, akaona nusu tu, akasema naliona. Ndege ikagonga Goti, rubani na wachezaji wawili wakafia kulekule mlimani. Makrina alikuwa miongoni mwa waliopanda kuwashusha. Hakutusimulia alichokiona, na hakuna aliyemuuliza. Mjomba aliacha kazi wiki hiyohiyo, akaacha na kula, na Makrina akaichukua kazi akiwa msichana. Toka siku ile hajawahi kusema naona kwa kitu asichokiona. Nimemtania kwa mambo yote chini ya jua, mwendo wake, mapishi yake, mumewe. Kwa hilo sikuwahi.

Mama yake, shangazi yangu Paraskovia, ambaye kijiji kizima kilimwita bibi, alifariki mwisho wa Septemba, kwa uzee, akiwa amelala. Msiba huo haukuwa mchungu sana. Bibi alishakula miaka yake, na aliacha jina zuri. Kwetu jina haliachwi ovyo. Mtu akifa, mtoto anayezaliwa baada yake hupewa jina lake, na akishapewa, huyo si mtoto tena tu, ni yule aliyeondoka amerudi. Ukiwa umemwita marehemu mama, utamwita mtoto huyo mama, hata kama bado anajikojolea. Na Tatiana, binti pekee wa Makrina na Evon, alikuwa na mimba. Baba wa mtoto ni kijana wa kijiji kingine aliyerudi kwao kabla tumbo halijaonekana, na sitamtaja tena. Hatukumhitaji. Kijiji kizima kilishajua anayekuja ni Paraskovia, na wazee walikuwa wakimsalimia tumboni, wakimuuliza kama huko alikokwenda kuna mafuta ya sili.

Basi hapa kuna mambo mawili yaliyogongana. La kwanza, wajawazito wetu hawazalii kijijini. Zahanati ni vyumba viwili na mhudumu wa afya mmoja, Olga, mwenye mikono mizuri na dawa chache. Mwezi mmoja kabla ya siku zake, mwanamke hupanda ndege kwenda Bethel akakae kwenye nyumba ya kungojea, karibu na hospitali. La pili, arobaini ya bibi ilikuwa inakaribia. Siku hiyo kunapikwa, kasisi anasoma, na zawadi za marehemu, nguo mpya na chakula cha kwanza, anapewa yule atakayelibeba jina lake. Tatiana alitakiwa awe ameshaondoka kabla ya arobaini. Nafasi yake kwenye ndege ilikuwepo. Makrina mwenyewe alikuwa ameiweka, na Makrina mwenyewe akaifuta.

Alimwambia binti yake abaki ale chakula cha bibi yake, mtoto apate vitu vyake akiwa kwao, siyo vifungashwe kwenye boksi. Tatiana alikubali haraka. Hakuipenda ile nyumba ya Bethel, alisema inanuka sabuni na kila mtu anatazama televisheni. Evon naye hakuona ubaya. Mto ulikuwa unaanza kuganda, na kila mtu wa kwetu anajua maana yake: mashua haipiti kwa sababu ya barafu, na pikipiki ya theluji haipiti kwa sababu barafu bado ni nyembamba. Hizo ni wiki ambazo kijiji kinaning'inia kwenye ndege peke yake. Tulilijua hilo wote tuliokuja kula, na tukala.

Chakula kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Supu ya bata, samaki mkavu, bakuli kubwa la akutaq, yale mafuta yaliyopigwa na matunda ya porini mpaka yakawa meupe. Tatiana alikaa kwenye kiti cha bibi yake amevaa gauni jipya la bibi, limembana tumboni, na kila tonge la kwanza akapewa yeye. Mimi nilimpelekea kikombe cha chai nikamwita mama mkwe, akanitazama juu mpaka chini kama marehemu alivyokuwa akinitazama. Tukacheka mpaka kasisi akacheka.

Ndipo mzee mmoja alipouliza, kwa upole, je, binti huyu ataondoka lini, maana tumbo limeshuka. Makrina alikuwa anaosha vikombe. Akajibu bila kugeuka kwamba ataondoka Ijumaa, Ijumaa kutakuwa kweupe, na Bethel ni dakika thelathini na tano tu. Kwetu mtu hasemi hivyo. Hali ya hewa ina masikio, haisemwi vibaya na haiamrishwi. Ukitaka kusafiri unasema huenda, ukitaka kuwinda unasema labda nitatembea kidogo. Sisi tuliokaa pale hatukushangaa kwa sababu ni ushirikina au si ushirikina, tulishangaa kwa sababu ni Makrina, mtu asiyejua kusema ila alichokiona, anatutajia Ijumaa ambayo hakuna aliyeiona. Nadhani alikuwa na furaha tu. Furaha humfanya mtu aseme.

Ijumaa ukungu ukaingia kutoka baharini. Jumamosi ukawa mzito zaidi. Jumapili Tatiana alikwenda kanisani akarudi amejishika mgongo, akasema ni kusimama kwingi. Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nyumbani kwao nikimsaidia Evon kurekebisha jiko la mafuta. Tukasikia Tatiana akiita mama kutoka chumbani, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Makrina aliingia, akatoka, akamwambia mumewe amlete Olga. Sketi ya Makrina ilikuwa na damu ya binti yake mpaka magotini.

Tulimbeba hadi zahanati kwenye kile kigari cha mizigo, tumekitandika godoro. Olga alimpima, akampigia daktari wa hospitali, akawa anajibu ndiyo, ndiyo, hapana, nyingi. Akaja kutuambia kwamba kondo la nyuma limetangulia na kuziba njia, mtoto hawezi kupita bila kulichana, na damu haitakoma mpaka apasuliwe. Hapa hakuna wa kupasua. Ndege ya wagonjwa ilikuwa imekaa tayari Bethel, rubani na nesi na damu kwenye sanduku la barafu. Ikija sasa, Olga alisema, ikija sasa inawezekana.

Makrina alitoka nje kwenye ngazi za zahanati. Pale ndipo anaposimama kila siku, kwa sababu kutoka pale Goti huonekana bila nyumba kuziba. Simu ililia mkononi mwake. Mimi na Evon tulitoka nyuma yake. Tangu wakati huo nimesimama pale mara nyingi kujaribu kujiongopea, lakini nilichokiona siku ile nilikiona. Niliona tenki la mafuta la shule. Niliona msalaba wa kwanza wa makaburini. Baada ya hapo dunia ilikuwa imekwisha, nyeupe.

Rubani alikuwa mwanamke kijana, Dana, tuliyemfahamu kwa sauti yake na kwa peremende anazowagawia watoto. Aliongea kwa nguvu kwa sababu injini ilikuwa inaunguruma, hata sisi tulimsikia.

"Makrina, mimi niko tayari. Mashine yenu inasema panafaa. Niambie wewe. Goti unaliona?"

Evon alimshika mkewe bega. Huyu ni mtu mpole, hata mbwa wake hamfungi kamba fupi. Alimsogelea sikioni lakini nilisikia.

"Mwambie unaliona."

Makrina alikuwa anatazama.

"Mwambie. Akishafika karibu atajionea mwenyewe, atageuka kama hapafai. Makrina. Mwanao yuko humo ndani."

"Makrina, upo?" Dana akauliza.

"Nipo."

"Goti?"

"Silioni," Makrina akasema.

"Hata chini yake?"

"Hata chini yake. Hakuna kitu. Usije."

Dana akauliza mgonjwa ni nani, maana yeye alikuwa ameandikiwa umri tu, mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Hapo niliona Makrina akifumba macho. Angesema ni binti yangu, Dana angekuja. Tulijua sote watatu. Marubani ni watu, na yule alikuwa mtu mzuri kuliko wengi, angejirusha kwenye ule weupe kwa ajili ya Makrina bila kuuliza mara ya pili.

"Ni msichana wa hapa," akasema. "Ukungu ukifunguka nitakupigia."

Akaizima simu. Evon aliondoa mkono begani kwake polepole, akaingia ndani kwa binti yake, na kwa siku zote zilizofuata hakumwambia mkewe neno lolote.

Makrina alisimama kwenye ngazi zile, akiingia na kutoka. Akiingia, alimshika Tatiana mkono, akamfuta uso, akamwambia asilale. Akitoka, alitazama kule. Dana alipiga tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Mimi nilikuwa mtani asiye na la kutania. Nilimletea koti nikamvisha, akaliacha lining'inie.

Tatiana alikufa kabla giza halijaingia. Mwishoni aliacha kuogopa, akawa anauliza kama ndege imetua, na Olga akamwambia iko karibu. Daktari alimwongoza Olga kwenye simu, na Olga alifanya alilofanya, akamtoa mtoto. Alikuwa wa kike, mdogo, mweupe kama nta, kisha akapiga kelele. Nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia kelele ya yule mtoto, na sikusikia sauti nyingine yoyote.

Hapo ndipo nilipotaka Mungu aniondolee masikio. Kwa sababu haikupita hata saa moja, tukiwa tumekaa sakafuni, tukasikia ndege.

Ilikuwa ndege ya Ndevu. Ndevu ni rubani mzee mwenye ndege yake mwenyewe, anayeleta soda na viazi vya kukaanga vya dukani, na hajawahi kumpigia mtu yeyote simu kuuliza kitu. Hakupitia Goti. Alikuwa ametoka kijiji cha chini kabisa, akaufuata mto, kona kwa kona, juu ya vichaka tu, matairi karibu kugusa barafu. Alishaanguka mara mbili katika maisha yake na kila anaposimulia hucheka.

Makrina aliinuka. Nilimwambia, "Kaa, nitakwenda mimi." Akasema ndege imetua, akachukua funguo. Tulikwenda pamoja, godoro bado liko kwenye kigari, tukalitupa pembeni tupate kupakia. Ndevu alishuka akijinyoosha, anafurahi kuwa hai, akaanza kutupa makatoni ya soda, akilalamika kuhusu ukungu kama mtu anayelalamikia mbu. Hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia na sisi hatukuwa na mdomo wa kumwambia. Alipomaliza, alipiga mikono yake kuondoa vumbi akasema maneno ambayo hata leo nikiwa peke yangu ninayasikia.

"Narudi mtupu. Kuna mtu wa kwenda Bethel?"

Makrina alimtazama. Nilidhani atamrukia. Nilitamani amrukie. Zahanati kulikuwa na mtoto mchanga ambaye daktari alikuwa amesema apelekwe haraka iwezekanavyo, na hapa ilikuwepo ndege na kiti.

"Leo hakuna mtu," akasema. "Na wewe usiende. Lala dukani."

Ndevu akacheka, akasema Makrina ni mama wa kila mtu. Akapanda, akageuza ndege, akaondoka juu ya mto. Alifika. Nasema hivyo ili nisimfiche msomaji: alifika salama, akala chakula chake cha jioni Bethel.

Kijiji chetu si kijiji cha kelele, lakini kina midomo. Kesho yake dukani, watu wakinunua zile soda, wapo waliosema Makrina amewaokoa watu wawili waliokuwa kwenye ile ndege ya wagonjwa. Wapo waliosema kama Ndevu mlevi ameweza, wale wenye mitambo wangeshindwaje. Mama mmoja, namjua na yeye anajijua, alisema kuna wanaopenda kuwa wakweli kuliko kuwa wazazi. Niliweka mkate wangu chini nikatoka, kwa sababu ningemtukana mtu mzima. Hasira yangu haikuwa kwamba amesema uongo. Sikujua kama ni uongo. Hata sasa sijui. Njia ya mto na njia ya Goti ni njia mbili, na ndege ya wagonjwa ni kubwa, haiwezi kupinda na mto kama ya Ndevu. Hiyo naijua. Lakini ukinishika koo ukiniuliza Dana angekufa au angefika, nitakuambia sijui, na Makrina hajui, na Evon hajui, na kutojua huko ndiko kulikokaa katikati ya nyumba yao.

Ukungu ulikaa. Tulichimba kaburi kwa kuwasha moto juu ya ardhi kwanza, iyeyuke. Evon alichimba bila kupokewa koleo. Tulimzika Tatiana karibu na bibi yake, udongo wa bibi ulikuwa bado haujakaa sawa. Makrina aliimba pamoja na wanakwaya, sauti yake haikukatika, na hilo nalo watu walilisema. Usiku Evon alilala kwa Olga, alikokuwa mtoto, akimnywesha maziwa ya kopo kwa chupa. Makrina alikuwa anakwenda mchana, anasimama mlangoni, anamtazama mtoto, anaondoka. Mtoto alikuwa hana jina. Hakuna aliyethubutu kumwita Paraskovia. Kwetu anayetaja jina ni wazee wa nyumba, na wazee wa nyumba walikuwa hawasemezani.

Siku ya pili baada ya mazishi kulikucha kweupe, baridi kali, hakuna hata uzi wa wingu. Mtoto alikuwa ameanza kuwa wa manjano machoni. Simu ililia, Makrina akasema alichokiona, na ndege ya wagonjwa ikaja. Mimi ndiye niliyempeleka Evon na mtoto kiwanjani. Makrina alikuwa ameshafika, ameshafukuza mbwa, amesimama mahali pake kama siku zote.

Dana alishuka kabla ya nesi. Alikuwa ameshaambiwa mgonjwa alikuwa nani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Makrina, akasimama mbele yake na mikono yake imelegea, akasema kwamba yeye pia ana mtoto, wa miaka minne. Akasema kama Makrina angesema tu naliona, angeondoka sekunde ileile. Akasema asante.

"Usinishukuru," Makrina akamwambia. Hakusema kwa ukali. "Chukua mzigo wako urudi, kumekucha vizuri."

Nesi akaja na kikapu cha kumbebea mtoto. Akauliza, kama wanavyouliza wote, jina la abiria huyu mdogo ni nani. Alikuwa anamtazama Evon kwa sababu Evon ndiye aliyembeba. Mimi nilitazama theluji. Nilimsikia Evon akivuta pumzi.

"Tatiana," akasema.

Nesi hakuelewa kitu. Kwake ni jina tu, la mama mtu, jambo la kawaida. Sisi tulielewa. Bibi atasubiri mtoto mwingine. Binti yao amerudi, na kuanzia siku ile mtoto huyu ni binti yao, siyo mjukuu, na wao ni baba yake na mama yake, wapende wasipende.

Kisha Evon akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimgeukia mkewe kwa mara ya kwanza, akamwekea mtoto mikononi. Nikadhani yamekwisha, nikashukuru. Akainama juu ya blanketi akasema na mtoto, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Tatiana, huyu ndiye mama yako. Ukikua, muulize kwa nini ndege haikuja."

Dana aligeuka akaenda upande wa pili wa ndege. Mimi nilitaka kusema neno, utani una ruhusa ya kuingia hata katikati ya mume na mke, ndiyo kazi yake. Makrina alimshikilia mtoto, akampangusa mdomo kwa kidole. Hakumjibu Evon hata kidogo. Alimjibu yule aliyeambiwa aulize.

"Nisiposema leo nitasahau namna ya kusema," akamwambia mtoto. "Ndege ilikuja, mwanangu. Ilikuja wiki moja kabla ya arobaini, kweupe kabisa, na kiti chako kikiwemo. Nilikitoa mimi. Nilitaka ule chakula cha mama yangu. Baba yako anadhani nilikuua siku ile kwenye ngazi. Siku ile nilisema kweli tu, ulikuwa umeshakufa tangu arobaini."

Evon alisimama akimtazama. Yeye naye alikula siku ile, alikula sahani mbili, na nadhani ndilo alilokuwa akilikumbuka. Nesi alimchukua mtoto akamfunga kwenye kikapu. Evon akapanda baada yake. Makrina alibaki ameshikilia mikono yake kifuani vilevile ilivyokuwa, imezunguka nafasi ya mtoto, na ikabidi mimi niende nikafunge mlango wa ndege badala yake.